Nilivyomnyima Kinyozi Wangu Uso

Siku ya saba baada ya mimi kuzaliwa, kinyozi mmoja wa Isevya, hapa Tabora, aliitwa nyumbani kwetu na wembe wake, akaninyoa nywele za tumboni mbele ya jamaa waliokuja kula nyama ya akika. Mimi sikumbuki, lakini bibi yangu mzaa baba alikuwa akinisimulia kwamba nililia tangu alfajiri, na wembe uliponigusa kichwani nikanyamaza. Yule kinyozi alilipenda sana jambo hilo. Kwa miaka ishirini na mitano iliyofuata alimsimulia kila mteja aliyekaa kwenye kiti chake, na mara nyingi mteja huyo nilikuwa mimi mwenyewe, povu limenifika puani, siwezi kubisha.

Kiti chenyewe kilikuwa kwenye kibaraza chenye paa la bati, hatua chache kutoka sokoni. Alitumia wembe wa kukunja wenye mpini wa pembe, akiunoa kwa mkanda wa ngozi uliofungwa kwenye nguzo. Watu wa jirani walijua kwa mlio wa mkanda ule kama mzee ameamka salama au ameamka na ugomvi. Wateja waliokuja mjini kutoka vijijini aliwaamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," na waliotoka msikitini aliwapokea kwa salamu yao, na wote aliwanyoa kwa maneno mengi. Kunyolewa pale kulikuwa na habari nyingi kuliko kusikiliza redio.

Baba yangu alikuwa mteja wake wa kila Ijumaa asubuhi. Nilipoota ndevu za kwanza, nyuzi chache tu za kuaibisha, baba ndiye aliyenipeleka, na mzee akazihesabu kwa sauti mbele ya kibaraza kizima. Baba alifariki mwaka uliofuata Uhuru. Tangu hapo, mikono ya kinyozi ndiyo mikono pekee ya mtu mzima iliyonishika uso. Alikuwa akinishika kidevu, akiniinua kichwa kidogo, halafu kabla ya kuanza ananiuliza: mama hajambo? Bibi je? Wewe umekula? Nasema wazi kwamba nilimpenda yule mzee. Nilimpenda kabla sijampenda binti yake, na hapo ndipo balaa langu lilipoanzia.

Mimi ni fundi cherehani. Wakati huo, miaka michache baada ya Azimio la Arusha, mafundi wa vibarazani tulikuwa tumeunganishwa kuwa ushirika, tukapewa chumba kimoja chenye dirisha moja na vyerehani vinane, na kazi ya kushona sare za wanafunzi. Mtu wa tabia yangu kukaa chumba kimoja na mafundi saba wanaojua kila kitu si mchezo. Ila ushirika ule ndio ulioniletea mke, kwa hiyo siulaumu.

Binti wa kinyozi alikuwa akifundisha kisomo cha watu wazima, jioni, katika darasa la shule ya msingi. Akaja na kitambaa cha bluu, akasema anataka gauni la kufundishia lisilobana mikono, maana anaandika ubaoni mpaka juu kabisa. Nilipima, nikakata, nikashona, na mikono nikaikosea kwa makusudi ili arudi. Akarudi. Nikarekebisha mikono, nikakosea shingo. Mara ya tatu alilitandaza gauni juu ya cherehani yangu, mafundi wote saba wakiwa wameacha kukanyaga, akasema, "Fundi, mji mzima unakusifu. Mbona gauni langu tu ndilo linalokushinda?"

Wenzangu walicheka mpaka uzi ukawakatikia. Mimi nilikasirika, kisha nikamsindikiza mpaka njia panda, na tangu siku ile tukawa tunaelewana. Baada ya miezi kadhaa nikamwambia nia yangu ya kutuma posa. Nilitegemea aone haya, au acheke. Yeye akaniuliza, "Na ndevu zako umezifikiria?"

Nilidhani ananitania. Hakuwa na utani hata chembe. Baba yake alikuwa amekulia Puge, na kwa watu wa kwao mkwe hashikwi. Humpi mkono, huli naye sahani moja, hukalii kiti chake, na ukikutana naye njiani unapisha, unasimama pembeni mpaka apite. Mjini wengi walikuwa wamekwisha kulegeza mambo hayo, siku ya Idi unawakuta wakwe wamezunguka sinia moja. Kinyozi hakulegeza. Mume wa binti yake mkubwa, mfanyakazi wa reli, alikuwa mkwe mwaka wa nane, na bado alimwamkia mzee akiwa upande wa pili wa uwanja.

"Ukiposa tu," akaniambia, "baba hakushiki tena uso. Maisha yako yote."

Nilikwenda kumwuliza bibi, nikitumaini atanipunguzia. Bibi aliongeza. Alisema, "Si ukiposa, mjukuu wangu. Tangu siku moyo wako ulipoingia nyumbani kwake, yule si kinyozi wako tena. Ukikalia kile kiti sasa, anakushika bila kujua anamshika nani. Unamdanganya mtu mzima kwenye uso wako mwenyewe."

Maneno yale yaliniingia. Ningeweza kutuma posa kesho yake na kumaliza kazi, lakini tulikuwa mwisho wa Shaaban, na mjomba wangu, aliyekuwa ndiye mshenga, alisema hatabeba posa ya mtu yeyote mpaka Idi ipite. Mjomba alikuwa karani mstaafu wa mizani ya pamba. Ukimharakisha anarudi nyuma. Basi nilikuwa na wiki sita hivi za kukaa bila kinyozi, na kwenda kwa kinyozi mwingine lilikuwa jambo nisilothubutu hata kuliwaza. Ilibidi nijinyoe mwenyewe.

Nilikwenda duka la Mwarabu mmoja lililokuwa nyuma ya soko ili mzee asinione. Mashine ya kunyolea ilikuwa ndani ya kijikebe: mpini mfupi wa kung'aa, kibamba chenye matundu, na kifuniko kilichopinda. Wembe wenyewe ni ule mwembamba wenye makali pande mbili. Unakaa katikati ya kibamba na kifuniko, halafu unakaza mpini, na makali yanachungulia kidogo tu kila upande. Nikamwuliza mwenye duka inatumiwaje. Akasema, "Hii haina mafunzo. Hata kipofu ananyoa." Yeye mwenyewe alikuwa na ndevu mpaka kifuani.

Ijumaa ya kwanza nilipachika kioo kidogo kwenye msumari wa mlango wa uani, nikatia maji ya moto kwenye kikombe cha bati. Sabuni ilikuwa ya mche, ileile ya kufulia. Burashi sikununua, nilichukua burashi mpya ya kupaka rangi, nikaona inafanana. Povu lilitoka jembamba likakauka kabla sijashika mashine. Na mashine yenyewe niliishika nilivyozoea kushika pasi ya mkaa, nikaamini kwamba ukitaka kunyoosha vizuri ni lazima ukandamize. Nilijikata mara tatu kwenye shavu moja. Bibi alipita na beseni lake, akanitazama, akasema, "Nilisema umheshimu mkwe. Sikusema ujichinje."

Sasa lazima niseme jambo ambalo mji mzima haukulijua. Mimi ni mtu wa mkono wa kushoto. Mwalimu wa chuoni alinichapa vidole nilipokuwa mdogo mpaka nikaandika kwa kulia, na fundi aliyenifundisha kushona akamalizia kazi. Nakula kwa kulia, nakata nguo kwa kulia, nasalimia kwa kulia. Lakini asubuhi ile, peke yangu mbele ya kioo, niliihamishia mashine kushoto ili nipate kupangusa damu, na kabla sijajua ninafanya nini, mkono wa kushoto ukawa umenyoa shavu la pili lote pasipo tone. Nilisimama nikiutazama kama mtoto wa ndugu aliyerudi kutoka safari ndefu. Nilifurahi, nikaona aibu, nikaumaliza uso kwa mkono huohuo.

Msikitini siku ile nilikaa safu ya nyuma. Ushirikani, fundi mmoja aliniangalia akasema, "Wewe unashonea watu suruali nzuri, uso wako mbona umeutia viraka?" Nikatafuta jibu la haraka, na jibu la haraka siku zile lilikuwa moja. Nikasema ninajinyoa mwenyewe, nimeamua kujitegemea.

Sijui kama nimewahi kusema neno la kipumbavu zaidi. Kabla ya alasiri lilikuwa limefika kibarazani kwa kinyozi, na jibu lake likanirudia kabla ya magharibi. "Kujitegemea?" alisema mbele ya wateja. "Siasa ni kilimo, wametutangazia hivyo. Wapi wametaja ndevu? Au mimi ndiye kupe, ninamnyonya?" Watu walicheka. Walioniletea habari walisema mwenyewe hakucheka.

Ingekuwa mtu mwingine ningekwenda kumweleza. Lakini ningemwelezaje? Kumwambia nimeacha kiti chako kwa sababu wewe ni mkwe wangu, wakati posa haijafika, ni kama kuingia nyumbani kwa mtu bila hodi na kuuliza chumba changu ni kipi. Nilinyamaza. Na siku tuliyokutana uso kwa uso kwenye kichochoro cha kwenda Kitete, wiki ya pili ya kujinyoa kwa kushoto, mikwaruzo myembamba ikiwa bado usoni, nilifanya lile nililoambiwa afanyalo mkwe. Nilipisha, nikasimama pembeni, nikainamisha macho, nikasema, "Shikamoo, baba," chini kwa chini.

Hakuitikia marahaba. Alisimama, akanitazama mashavu yote mawili, kwa utulivu, kama ninavyotazama mimi pindo la suruali iliyoshonwa na fundi mwingine. Mimi nikiona mshono nakwambia ni mkono wa nani, na yeye akiona kidevu alijua vilevile. Kisha akaondoka. Mimi nilidhani nimeonyesha adabu ya kutosha, na nilirudi nyumbani nimeridhika kabisa na nafsi yangu.

Kumbe yeye aliona mambo mawili. La kwanza, kijana anamkimbia njiani kwa haya, kwa hiyo ana kosa. La pili, mikwaruzo usoni inakwenda upande usio wa kawaida, kwa hiyo aliyeifanya ni mtu wa mkono wa kushoto. Na Tabora nzima kinyozi wa mkono wa kushoto alikuwa mmoja tu, yule wa njia ya stesheni, ambaye mzee hakuwa akimtaja bila kuomba maji ya kusukutua.

Wakati huo mimi nilikuwa ninaendelea kujifunza. Nilinunua burashi ya kweli na sabuni ya kunyolea, na jiwe la shabu la kufungia damu. Binti wa kinyozi, aliyelelewa akisikia kazi ya baba yake, ndiye aliyeniambia siri: "Baba hakandamizi. Anasikiliza." Nilibisha kwanza, kisha nikajaribu. Ni kweli. Mashine iliyolazwa sawasawa inatoa sauti ndogo kavu, na ikinyamaza ujue umeiinua mno au umeilaza mno. Unakwenda hatua fupi, unaiachia uzito wake wenyewe ifanye kazi, unarudia povu, unapita tena. Kufikia katikati ya Ramadhani nilikuwa ninaamka kwa hamu ya kunyoa. Nikapenda joto la maji na harufu ya sabuni. Nikapenda hata kukisuuza kile kimashine na kukifuta vipande vitatu, kimoja kimoja. Miaka ya baadaye nyembe zilipoadimika madukani, nilikuwa nikiunoa wembe mmoja ndani ya glasi, nikiuzungusha kwa kidole kwenye ubavu wake uliolowa maji, na ukanifaa mwezi mzima. Watu walikuwa wakija kuniuliza nafanyaje. Mafundi haohao saba walikuwa wa kwanza.

Idi ikapita. Mjomba akavaa kanzu yake ya pasi, akachukua bakora, akaenda kwa kinyozi na posa yangu. Mimi nilibaki uani nikipiga pasi nguo zilizokwisha pigwa pasi. Alirudi kabla ya muda wa kutosha kunywa chai, na uso wake haukunipendeza.

"Amesema nini?"

"Amesema hivi," mjomba akajibu, akiketi taratibu. "Aliyeninyima uso wake, anataka nimpe binti yangu?"

Nilikaa chini. Mjomba akaniambia alivyojitahidi. Alimweleza kwamba sikumkimbia, nilimheshimu. Kwamba nimejinyoa mwenyewe wiki zote hizo kwa ajili ya ukwe. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno ni mazuri lakini uso wa kijana umemwambia vingine. Alijua mkono ulioninyoa. Alisema mpwa wako ni mtu wa kulia, nimemwona akishika mkasi tangu hana ndevu, na mikwaruzo ile ni ya kushoto. Basi yeye hakatai kwa sababu ya ndevu. Anakataa kwa sababu mtu anayemdanganya juu ya jambo dogo hivi atamdanganya binti yake juu ya makubwa.

"Lakini," mjomba akasema, "hakufunga mlango. Amesema Jumapili saa tatu uende na hicho kimashine chako, ukajinyoe mbele yake."

Nikafurahi. Nikasema hilo ni jambo rahisi. Mjomba akanitazama kwa huruma, na bibi, aliyekuwa akichambua mchele, akauliza bila kuinua kichwa, "Kwa mkono gani?"

Hapo ndipo nilipoona shimo nililochimba. Nikinyoa kwa kulia, nitajikata na kuonekana mwongo. Nikinyoa kwa kushoto, nitakuwa nimekaa mbele ya mkwe, siku ya kwanza kabisa, nikimwonyesha mkono ambao mtu hampi hata mtoto kitu kwa huo. Niliwauliza wote wawili nifanye nini. Bibi alisema kulia. Mjomba alisema atafikiri, na mpaka Jumapili alikuwa bado anafikiri. Jambo moja tu alinieleza tukiwa njiani. "Angalia mikono yake. Ukwe haujakubaliwa wala kukataliwa. Akinyanyuka akakushika uso, tuondoke bila maneno. Atakuwa amesema wewe si mkwe wake."

Tulimkuta barazani kwake. Alikuwa ameweka kigoda kimoja, beseni la maji ya moto yanayofuka, na kioo kikubwa cha kazini kilichoegemezwa ukutani. Yeye mwenyewe alikaa mbali, mwisho kabisa wa mkeka. Mjomba akaketi katikati. Kwenye mlango kulikuwa na pazia, na chini ya pazia nikaona nyayo mbili ninazozijua, na nyuma yake nyayo nyingine za mama yake, nisiyetakiwa kumwona. Mzee hakunisemesha. Alimsemesha mjomba tu, ama kwa heshima ya ukwe ama kwa hasira, sikuweza kujua.

"Mwambie aanze."

"Anza," akasema mjomba.

Nikalowesha uso, nikapiga povu. Povu lilitoka zito, jeupe, na nikamwona mzee kwa pembe ya jicho akiinua kichwa kidogo. Kisha nikashika mashine kwa mkono wa kulia, kwa sababu nilikuwa nimelelewa, na kwa sababu nilimwogopa. Nikaanzia chini ya sikio. Ikanyamaza, ikaruka, ikanikata. Nikajaribu tena karibu na mdomo. Ikanikata tena.

"Ndugu yangu," mzee akamwambia mjomba, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshinda. Ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Mwambie mpwa wako, mtu aliyejinyoa wiki sita hashiki mashine hivyo."

Pazia likatikisika. Nilijitazama kwenye kile kioo, nikiwa na povu na damu. Hasira ikanipanda, si kwa mzee, kwangu mwenyewe, kwa wiki zote zile nilizokaa kimya nikidhani kimya ndiyo adabu. Nikasema kwa sauti ya kusikika, "Mjomba, niombee radhi kwa mzee. Mkono wangu ni huu mwingine."

Nikaihamisha mashine kushoto.

Nikailaza kwenye shavu, nikaiachia uzito wake, na ile sauti ndogo kavu ikaanza. Nilishuka hatua fupi fupi kutoka sikioni mpaka taya, nikasuuza, nikashuka tena. Shavu likatoka safi. Nikasikia mkeka ukilalamika, mzee amesogea. Nikahamia shavu la pili, naye akasogea tena, mpaka mjomba ikabidi ajibane ukutani kumpisha. Alikuwa akitazama njia ya mashine, akiinamisha kichwa kila ninapogeuza mkono, na mara akapiga paja lake.

"Lahaula! Na yule wa stesheni nimemtukana Ramadhani nzima bure."

Mjomba akacheka kwanza. Nyuma ya pazia mtu akacheka, akajiziba mdomo. Mimi nilitaka kucheka lakini nilikuwa nimefika kooni, na kooni ndipo pabaya kwangu mpaka leo, kuna koromeo kubwa la kurithi. Nikainua kidevu. Mkono uliotulia mbele ya beseni la bibi sasa ulikataa kushuka mbele ya mtu aliyejua koo langu kuliko mimi, na kila nilipogusa mashine kwenye ngozi niliiondoa.

Mzee akanyanyuka.

Nilimwona kwenye kioo akija, na mkono wa kulia umetangulia, vidole viwili vimetengana tayari kunivuta ngozi chini ya taya, kama alivyofanya kila Ijumaa tangu baba yangu yu hai. Sidhani kama yeye mwenyewe alijua ameunyoosha. Mjomba alikwisha kushika bakora yake. Mzee akafika karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya ugoro na sabuni kwenye shati lake. Nikafumba macho. Nilijua vidole vile vikinigusa nimemkosa mke, na Mungu anisamehe, sehemu ya moyo wangu ilitaka vinishike. Nilitaka aniinue kidevu mara moja tu, aniulize kama nimekula.

Nilingoja. Hakuna kitu kilichonigusa.

Nilipofumbua macho, mikono yake ilikuwa nyuma ya mgongo. Mmoja ulikuwa umeukamata mwenziwe kwenye kiungo, kwa nguvu, kama anayemzuia mtu asiende mahali. Alikuwa akitazama koo langu.

"Mwambie mkwe wangu," alisema, akasita. "Mwambie mkwe wangu avute ngozi kwanza, kwa kidole chake mwenyewe. Halafu ashuke."

Mjomba alisahau kunifikishia. Nikavuta ngozi kwa kidole changu, nikashuka, na sauti ikatoka nzuri. Nikashuka tena. Sikuona vizuri kwenye kioo, ikabidi nifuate kwa kusikiliza.

"Mwambie pia," mzee akasema, akiwa amekwisha nigeuzia mgongo, anarudi mwisho wa mkeka, "aangalie sabuni isimwingie machoni."

Mjomba akageuka kwangu. "Anasema sabuni isikuingie machoni."

Nikamwambia amjibu kwamba imekwisha kuingia.